Mahali Peusi Kichwani mwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu nilimjua kwa miguu. Uso wake ningeweza kupishana nao sokoni nisiutambue, lakini miguu yake ningeichagua kati ya miguu mia: mipana, visigino vimepasuka, kidole gumba cha kulia kimewaegemea wenzake, na juu ya kifundo kovu la jembe lililomkata kabla mke wangu hajazaliwa. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu Kamina. Mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni, hali naye, hamgusi, hasemi naye ana kwa ana. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini na kugeuka, na mwenye adabu zaidi ndiye anayeingia kwanza. Ukiwa na neno la kumwambia unampa mkeo, mkeo analipeleka, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, muuguzi wa hospitali, nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi na nilijua kuchoma sindano, lakini habari ya ukwe haikuwa na ubishi. Hata padri aliizoea.

Basi katika miaka yangu ya kwanza ya ndoa, miaka ya hamsini hiyo, nilijiona mwanamume mwenye bahati. Wenzangu hospitalini waliwalalamikia mama wakwe wenye midomo. Wangu alikuwa mfano wa heshima. Sauti yake ilikuwa ya chini, hata binti yake mwenyewe alilazimika kumwinamia ili amsikie. Uso wake, niliambiwa, haukucheka ovyo wala kukunjamana. Alitembea taratibu, mikono imetulia ubavuni, hatua fupi za mtu asiye na haraka na dunia. Na tulipokutana njiani hakukimbilia majanini kwa pupa. Alisimama. Alisimama pale pale, kimya, hata dakika nzima, mpaka mimi niwe nimeingia kwenye nyasi na kupita zangu. Jambo hilo lilinipandisha kichwa. Jioni moja nikamwambia mke wangu, "Mama yako anajua heshima kupita bantu bote ba hapa." Alifurahi, akampelekea mama yake sifa hizo.

Anayetaka kunicheka na anicheke, maana nastahili. Kila nilichokisifu kilikuwa dalili ya ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo nilifundishwa darasani, penseli mkononi, na daktari aliyerudia kila sentensi mara mbili.

Daktari wetu alikuwa Mzungu mfupi mwenye hasira za asubuhi. Lakini akishafungua kasha lake la masomo, hasira zilikwisha na akawa mtu mwingine, karibu mpole. Ndani ya kasha alikuwa na vyombo vya kioo vilivyofungwa vizuri, vilivyosafirishwa kutoka kwao vikiwa vimezungushiwa majani makavu. Siku ya somo la ubongo alitoa vipande viwili, vyembamba, kila kimoja kikienea kwenye kiganja. Vilikuwa vimekatwa mahali ambapo shina la ubongo linaingia kwenye ubongo wenyewe, ndani kabisa, chini ya kila kitu, mahali ambapo hata ukipasua fuvu hupaoni mpaka uondoe yote yaliyo juu.

Kipande cha kwanza kilikuwa na rangi ya uji kote, isipokuwa michirizi miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, iliyopinda kama nyusi. Ilikuwa myeusi kama masizi ya chini ya chungu. Hakuna aliyeipaka, mwili wenyewe ndio uliotengeneza weusi ule. Nilipima kwa jicho: mchirizi mmoja haukuzidi pingili ya mwisho ya kidole changu. Daktari akasema jina lake kwa Kilatini, *locus niger*, mahali peusi, tukaandika.

Kisha akatueleza kazi yake, na nakumbuka niliacha kuandika ili nisikilize. Kutaka kwenda, alisema, kuko juu, kwenye gamba la ubongo. Nguvu za kwenda ziko kwenye misuli. Lakini katikati, ndani sana, kuna mafundo makubwa ya ubongo ambayo yanauzuia kila mwendo wa mwili mpaka zamu yake ifike. Chembe za mahali peusi zinapeleka nyuzi zake juu kwenye mafundo hayo, nyuzi nyembamba zisizoonekana, kila moja ikijigawa matawi maelfu na maelfu, na mwisho wa kila tawi zinadondosha majimaji kidogo. Majimaji yakiwepo, fundo linaachia na mguu unanyanyuka bila wewe kuuamuru. Yakikosekana, mtu anataka kwenda, nguvu anazo, na mguu unabaki chini. Jina la majimaji hayo, dopamini, nililisoma miaka mingi baadaye; siku ile nadhani hata daktari hakulijua.

Kipande cha pili kilikuwa cha mtu aliyekufa na ugonjwa wa kutetemeka. Tulizitafuta zile nyusi hatukuziona. Palibaki kivuli tu, kama mahali palipokuwa na moto zamani. Daktari akazitaja dalili: uso unaacha kucheza, sauti inashuka, mikono haipepei mtu anapotembea, hatua zinafupika, miguu inaganda mlangoni. Mkono unatetemeka ukikaa bure, unatulia ukipewa kazi. Na mpaka dalili hizo zionekane, zaidi ya nusu ya chembe nyeusi zimekwisha kufa. Mwenyewe ameishi miaka akiziba pengo bila kujua. Hakuna dawa ya kuurudisha weusi ule, alisema. Akarudia mara mbili.

Mwenzangu wa benchi, ambaye hakuweza kukaa kimya hata kanisani, akaninong'oneza: "Kumbe Muzungu naye, bila kale keusi ka ndani, hawezi kufika hata ku mulango." Tulicheka mpaka tukauma mikono ya mashati. Daktari akauliza kuna nini. Tukasema hakuna kitu. Lakini kwa wiki nzima, kila nilipopita upande wa nyumba za Wazungu, ambako sisi tulitakiwa kupita kwa kazi tu, niliwatazama wakitembea kwenye bustani zao na nikafurahi moyoni kwamba wote wanabebwa na mchirizi ule mweusi na hawana habari. Ilikuwa furaha ya kitoto na siijutii.

Hayo yote niliyajua. Na mgonjwa alikuwa mama wa mke wangu, na mimi, kwa heshima, sikuwa nimemtazama.

Siku niliyofunguka macho ilikuwa ya kiangazi, nyasi zimekwisha kuungua. Nilikuwa narudi kutoka kijiji kimoja kufunga vidonda, nikitembea juu ya njia ya reli kama tulivyofanya wote, kwa sababu treni zilikuwa chache na mataruma, yale magogo yaliyolazwa kukatisha chini ya vyuma, hayana matope wala vumbi. Mbele yangu, hatua kama mia mbili, nikamwona mama mkwe akirudi kwake. Nikapunguza mwendo ili nisimfikie. Macho yakaenda kwenye miguu yake kwa mazoea.

Alikuwa akitembea vizuri ajabu. Mguu unanyanyuka, unatua juu ya taruma, unanyanyuka, unatua. Hatua ndefu, sawasawa, za msichana. Enzi zake aliwahi kutembea mpaka ziwa Kisale kufuata samaki wa kukausha, na watu walisema wanaume walimwomba apunguze. Nikafikiri, leo mama anakumbuka ujana. Nikafurahi.

Akafika mahali ambapo njia ya kwake inaiacha reli. Pale ardhi ni tambarare, imekanyagwa mpaka imekuwa kama sakafu, haina jiwe wala mzizi. Akateremka kutoka taruma la mwisho, akasimama.

Na mimi nikasimama. Nikageuka pembeni, adabu yangu yote mwilini, nikangoja apite. Nilingoja sana. Nilipochungulia, visigino vyake vilikuwa vinatetemeka na magoti yalijaribu kwenda, lakini nyayo zilishikwa na ardhi. Nikajiambia ameniona, ndiyo maana amesimama. Lakini alikuwa amenipa mgongo, nami sikuwa nimekohoa. Mbele yake hapakuwa na mtu. Hapakuwa na hata mbuzi.

Sasa alikuwa akimheshimu nani?

Nilikaa juu ya chuma cha reli. Zile dalili zilinijia kwa sauti ya daktari, moja moja, na kila moja ilikuwa sifa niliyompelekea mama yule kupitia mke wangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alipofanikiwa kuondoka na kupotea nyuma ya kichuguu, nilishuka kutazama nyayo zake. Vidole vilikuwa vimeburuta mistari kwenye vumbi, hatua zenye urefu wa kiganja. Pale aliposimama, udongo ulikuwa umesuguliwa ukalainika.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anatwanga sombe, yale majani ya mihogo. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya tatu. Mbili za kwanza zilifika mwisho wake na watoto wakazaliwa bila pumzi, kwa hiyo ya tatu hatukuizungumza kwa sauti, tuliizunguka tu.

"Mama iko mugonjwa," nikamwambia. "Iko na ugonjwa ya bongo. Nimeona vile anatembea."

Mchi ukabaki hewani. "Umemwangalia mama?"

"Miguu tu."

"Miguu njo mama," akasema kwa hasira, yaani kuitazama ni kumtazama yeye, akaendelea kutwanga. Alitwanga mpaka sombe ikawa maji. Kisha akaketi na kuyamwaga aliyokuwa akiyaficha. Kwamba mama yake aliunguza sufuria na kusimama juu yake bila kusikia harufu. Kwamba kitandani hawezi kujigeuza. Kwamba mkono wake wa kulia unatetemeka akikaa, naye huubana kati ya mapaja. Yote hayo mama alimwomba asimwambie mtu.

"Juu ya nini?" nikataka kujua sababu.

"Anaogopa batamukataza mutoto."

Hapo nilielewa. Kwetu, binti akijifungua, mama yake ndiye anayempokea mtoto kutoka mikononi mwa mkunga. Ni yeye na si mwingine. Wale wawili wa kwanza, waliokuja kimya, yeye ndiye aliyewapokea, akawaosha, akawafunga kitambaa. Mke wangu akayarudia maneno ya mama yake huku akiangalia chini: "Anasema, nimepokea bawili bale ba kunyamaza. Nataka mumoja mwenye kulia."

Na hofu yake haikuwa ya bure. Shangazi wa mke wangu, dada ya marehemu baba yake, mwanamke wa mabega na maamuzi, alikuwa ameanza kusema kwamba wifi yake miguu imefungwa na mikono imelegea, na kwamba mtoto wa safari hii atapokelewa na yeye. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amezika pamoja nasi wale wawili na alitaka huyu asianguke kutoka mikononi mwa mtu.

Mama mkwe alikataa kuja hospitalini, mahali ambapo mimi nafanya kazi; angeniona, ningemwona, aibu ya wote. Nikamwomba daktari, naye akaenda kijijini mwenyewe siku ya ziara. Mimi nilisimama nyuma ya nyumba nimegeukia shamba la mihogo, nikasikiliza ukutani. Nilimsikia akimwambia afungue na kufunga vidole haraka haraka. Nikasikia vidole vikigusana, mara ya kwanza vizuri, kisha polepole, kisha kidogo kidogo, kisha kimya.

"Ndio wenyewe," daktari akaniambia alipotoka. Alimwachia matone ya mmea, ya kupunguza mtetemeko kidogo na kumkausha mate. Nikamweleza habari ya mataruma. Badala ya kucheka alisimama, akafikiri, uso ukawa ule wa kasha la masomo. Akasema mguu unaojiendea wenyewe hupitia mahali peusi. Lakini jicho likiona kitu cha kuvukwa, amri inaweza kupita njia nyingine, kutoka machoni kwenda juu kwenye gamba na kushuka, ikizunguka pale palipokufa. Mpe kitu cha kuvuka, akasema.

Nimesoma sana tangu siku ile, na bado neno hilo sijalizoea. Kwamba kitu kidogo kile kikifa, ubongo unajitafutia kichochoro. Kwamba mwanamke asiyeweza kuvuka sakafu tupu anaweza kuvuka kijiti, kwa sababu kijiti kipo. Sijui kama kuna fundi aliyewahi kutengeneza kitu kwa akili namna hiyo, isipokuwa yule tunayemwomba Jumapili.

Basi Jumapili hizo hizo nikawa naenda misa ya pili, na wakati wa misa ya kwanza, mama mkwe akiwa kanisani, nilikwenda kwake na panga. Nilikata vijiti vilivyonyooka, unene wa kidole gumba. Nilikuwa nimepima nafasi ya mataruma kwa kamba. Nikavilaza kukatisha njia, kimoja baada ya kingine, nikavipigia vigingi pande zote mbili: kutoka mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi chooni, mlangoni hadi kisimani, na tawi refu kuliko yote kutoka kisimani hadi reli. Ilinichukua Jumapili tano. Watu wa kijiji walikuja na viti vyao kunitazama.

"Munganga anajenga reli ya mama bukwe," mmoja akasema. "Gari itapita siku gani?"

"Makaa ya Luena ikifika," nikamjibu, maana treni zetu zilikula makaa ya huko, nikaendelea kupiga vigingi.

Sikujua kama anavitumia mpaka mke wangu aliporudi kutoka kwake siku moja, anajizuia kucheka. "Mama anasema: pale ku jiko miti iko mbali-mbali. Anasema yeye haiko swala."

Niliyasikia maneno yale kama barua niliyoingoja miaka. Jumapili iliyofuata nilivisogeza. Kuanzia hapo kijiti kikivunjika nilikikuta kimewekwa pembeni mwa njia, vipande viwili vimelala pamoja vizuri, ili nijue ni kipi. Nami nilikibadilisha. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na nathubutu kusema tulizungumza kuliko wakwe wengi wenye ndimi.

Kuhusu mikono, nilijaribu kumweleza shangazi. Nilimwambia, "Mukono yake inatetemeka juu haina kazi. Muipatie kazi, itatulia."

"Weye uliona wapi?" akaniuliza. "Si haumuangaliake?"

Nilikuwa nimeyasikia darasani, nimeyasikia ukutani; kuona sikuwa nimeona.

Mke wangu alishikwa na uchungu masika yalipokuwa yamekolea. Wodi ya wazazi ilikuwa jengo jipya, fahari ya hospitali, na fahari ya jengo lile ilikuwa sakafu: saruji nyekundu, pana, iliyong'arishwa kwa nta kila asubuhi, haina ufa wala mstari. Masista walipenda kila kitu kiondolewe juu yake. Mimi nilikuwa wodi ya wanaume, nabadilisha bendeji, mvua ikipiga bati mpaka hatukusikiana. Mchana mvua ilipopungua mtu akaja kuniambia muda umefika, nikavuka uwanja mbio.

Mama mkwe alikuwa amefika kabla yangu. Alikuja peke yake, juu ya mataruma, ndani ya mvua ile. Ngazi za barazani, tatu, alikuwa amezipanda bila taabu, kwa sababu ngazi ni vitu vya kuvukwa. Sasa alikuwa mlangoni. Nikainamisha macho, nikaona miguu yake: mipana, maji yanachuruzika, visigino vinatetemeka juu ya ukingo wa ile sakafu nyekundu. Imeganda.

Na kutoka ndani mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu, kwa hasira, akapumzika, akalia tena. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile, na sitasikia. Mkunga akamwita bibi aje ampokee: "Nkambo ya mutoto iko wapi? Akuye."

Miguu haikwenda. Nilimsikia mama akivuta pumzi fupi fupi. Shangazi, aliyekuwa akingoja kando yake, akamshika mkono na kumvuta, nikajua kitakachotokea kabla hakijatokea, maana ukimvuta mtu kama yule kiwiliwili kinakuja na nyayo zinabaki. Akainama mbele, karibu aanguke kifudifudi. Shangazi akamwachia kwa woga.

"Basi," akasema, na sauti yake haikuwa ya ushindi. "Wifi, utaumia. Nitaingia minyi." Akaanza kumzunguka ili apite.

Nilitafuta ufagio. Nilitafuta fimbo, mwavuli, kitu chochote. Baraza lilikuwa tupu kama masista walivyolipenda. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuweka mbele ya miguu ile kilikuwa mguu wangu mwenyewe.

Ni lazima niseme maana yake. Kwetu mtu hamruki mwenzake miguu. Hata mtoto mdogo anakemewa: ukimruka mtu umemfunga, atadumaa, ataugua, na dawa yake ni moja tu, urudi umruke tena kinyume, umfungue. Sasa mama mkwe kuruka mguu wa mkwe wake, jambo hilo sikuwahi kulisikia hata kwenye mizaha ya walevi. Nilifikiri haya yote kwa muda wa mtoto kulia mara moja. Kisha nikasogea, nikanyoosha mguu, nikauweka mbele ya vidole vyake. Kiatu changu cha turubai kilikuwa cheupe, juu ya saruji nyekundu. Kilionekana vizuri sana.

Juu ya kichwa changu nikasikia sauti ya chini, nyembamba, ambayo sikuwahi kuisikia ikisemeshwa kwangu.

"Toa muguu, tata," ikaniita baba.

"Luka, mama," nikasema. Ni neno langu la kwanza kwake.

"Nitakufunga."

"Utarudilia kisha."

Mtoto akalia. Nikaona kisigino cha kulia kikinyanyuka, kikifuatwa na unyayo mzima, juu, juu kuliko ilivyohitajika, ukapita juu ya kiatu changu bila kugusa hata kamba. Wa pili ukafuata. Na ulipotua alikuwa tayari anatembea, hatua ya kwanza ikaizaa ya pili, mpaka kitandani.

Hapo nikavunja na lililobaki. Nikainua macho.

Mkunga alikuwa anamkabidhi mtoto. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa unatetemeka kwenye paja, mtetemeko kama wa vidole vinavyoviringisha tembe. Ukanyanyuka, ukaingia chini ya kichwa cha mtoto, ukapokea uzito wake, ukatulia. Ulitulia kabisa. Shangazi, aliyekuwa nyuma yake mikono imetandazwa tayari kudaka, akaishusha. "Imetulia," akasema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Nikautazama uso. Haukuwa na kitu. Hakuna shavu lililocheza, hakuna jicho lililofinywa, mdomo ulikuwa mstari. Mtu asiyejua angesema mwanamke yule hana furaha. Lakini machozi yalikuwa yanashuka pande zote mbili mpaka kidevuni, na hakuna kingine usoni kilichoyasaidia. Mimi nilijua kilichokosekana. Nilijua furaha ilikuwa nzima mle ndani, imekosa tu mlango wa kutokea, na nikalia kwa niaba ya uso wake.

Nimekuja kusoma kwamba mtoto huzaliwa bila weusi ule. Chembe zipo, lakini rangi haipo. Inaanza kuingia mtoto akiwa ameshasimama na kukimbia, na inaongezeka mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo siku ile walikuwa wawili, mmoja weusi wake haujaja na mwingine weusi wake umekwenda, na walikuwa wameshikana. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Mama alikaa ndani na binti yake siku nne. Siku nne hizo hazikuwa nyepesi kwangu. Habari ilienea, na watu walinitazama miguu. Siku ya pili goti likaanza kuniuma, na mimi, muuguzi mwenye cheti, mtu wa *locus niger* na nyuzi zake, niliamini mara moja kwamba nimefungwa. Nililipaka mafuta nikiwa nimejificha stoo ya dawa.

Siku ya kutoka nilikwenda nimejiandaa. Nilichukua kijiti kizuri, kilichonyooka, nikakimenya ganda kiwe cheupe, nikakilaza mlangoni mapema. Nikasimama pembeni, macho chini, adabu imerudi mahali pake. Mke wangu akatoka kwanza, mtoto kifuani. Kisha nikaiona ile miguu inakuja juu ya sakafu nyekundu, inafupisha hatua, inafika kwenye kijiti. Ikasimama.

Nikangoja. Haikuvuka. Nikaogopa kwamba ugonjwa umezidi, kwamba hata vijiti sasa basi.

"Toa ule muti," sauti ikasema. "Leta muguu."

Nikaokota kijiti. Nikanyoosha mguu, ule ule, wenye goti linalouma. Alinyanyua kisigino, akavuka kwenda nje, wa kulia, kisha wa kushoto, akasimama barazani akiwa amenipa mgongo.

"Sasa," akasema, "uko muzima."